Humphrey Bogart: Oscar yake moja ilitoka kwenye maji ya Kongo

Mkaaji wa Bunia anayeshuka mpaka Kasenyi anaona Ziwa Albert likienea kuelekea Uganda. Ng'ambo ile kuna Butiaba, zamani bandari ndogo, ambako Mmarekani Humphrey Bogart alifanya sehemu ya kazi iliyompa tuzo yake pekee ya Oscar. Sehemu nyingine aliifanya ndani ya msitu wa Kongo.

Bogart alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, mtoto wa daktari. Alifukuzwa shuleni, akaingia jeshi la majini mwaka wa 1918, kisha akaanza kuigiza jukwaani. Kwa miaka mingi sinema ilimpa nafasi za majambazi. Sifa kubwa ilimfikia akiwa amepita miaka 40, kwa filamu The Maltese Falcon (1941) na Casablanca (1942).

Mwaka wa 1951, mwongozaji John Huston alimleta Kongo ya Wabelgiji kutengeneza The African Queen. Ni hadithi ya mwaka wa 1914: mwendesha mashua mlevi na mwanamke wa misheni wanataka kuzamisha meli ya Wajerumani. Inakumbusha jambo la kweli. Mwaka wa 1915 Waingereza walipitisha mashua mbili, Mimi na Toutou, nchi kavu na mtoni ndani ya Kongo mpaka Ziwa Tanganyika, kwenye Kalemie ya leo, wakazishinda meli za Wajerumani.

Kambi ilijengwa kando ya mto Ruiki, karibu na Ubundu, zamani Ponthierville. Mwigizaji mwenzake, Katharine Hepburn, aliugua vibaya tumbo. Bogart, ambaye hakupenda maisha ya porini, alikula vyakula vya kopo na kunywa wiski, hakuugua. Mke wake, Lauren Bacall, alisaidia kupika na kuhudumia wagonjwa. Baadaye kikosi kilihamia Uganda. Sehemu ambazo waigizaji wanaingia majini zilipigwa London, kwa kuogopa magonjwa.

Mwezi wa Machi 1952 Bogart alipewa Oscar, akimshinda Marlon Brando. Kansa ilimuua tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57.

Katika hadithi, mto ule uko kwenye koloni la Wajerumani. Lakini msitu unaoonekana nyuma ya Bogart ni wa Kongo, na Wakongomani waliojenga kambi ya Ruiki hawamo kati ya majina yanayopita kwenye filamu.