Archimedes na Mtaimbo

Unapong'oa jiwe kwa mtaimbo, unatumia wenzo. Watu walitumia wenzo tangu kale. Lakini Archimedes, Mgiriki wa mji wa Syracuse katika Italia ya leo, ndiye aliyethibitisha hesabu yake kitabuni.

Egemeza mtaimbo juu ya gogo. Kutoka gogo hadi jiwe iwe hatua 1, na hadi mkono wako hatua 4. Sasa nguvu ya kilo 25 itainua jiwe la kilo 100. Wala si bure: mkono utashuka sana, jiwe litapanda kidogo tu.

Warumi walipouzingira mji wake, mitambo aliyoibuni iliwazuia muda mrefu. Mwaka 212 kabla ya Kristo waliuteka. Askari mmoja akamwua mzee huyo, ingawa inasimuliwa kuwa jemadari wao alitaka aachwe hai.