Shekhar Mehta: Mfalme wa Safari aliyelijua gari lake

KWA vijana wa Sirari, gari dogo la mlango wa nyuma lenye injini kali si kitu kigeni tena. Linashushwa bandarini kutoka Japani, linafungwa namba, na baada ya muda mfupi linaunguruma kwenye lami ya kuelekea Tarime. Kulinunua ni suala la hela. Kujua litafanya nini kwenye kona, hasa lami ikiisha na changarawe ikianza, hilo ni somo jingine. Na kwenye somo hilo, Afrika Mashariki imewahi kuwa na bingwa wake: Shekhar Mehta.

Huyu mwamba alishinda mbio za Safari Rally mara tano. Mpaka leo, kwenye Safari zilizohesabiwa katika ubingwa wa dunia, hakuna aliyefikisha idadi hiyo, licha ya mafundi wote wa Ulaya waliokuja na magari ya mamilioni.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, kwenye familia ya Kihindi yenye mashamba makubwa na uwezo mzuri. Alianza rali akiwa kijana wa miaka ya 20 na ushee. Wapo waliomwona kama mtoto wa tajiri anayechezea pesa za mzee. Mwaka 1971 akawanyamazisha. Alishika nafasi ya pili kwenye Safari akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilohilo.

Ile 240Z ilikuwa gari la aina yake. Ilitoka Japani, ina milango miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na injini ya silinda sita yenye ujazo wa lita 2.4. Boneti ndefu, kitako kifupi. Nguvu yote ilikwenda kwenye tairi za nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona ya vumbi, kitako kinatoka nje na unajikuta unatazama ulikotoka. Dereva anayelielewa anakiacha kitako kitoke kidogo, anazungusha usukani upande wa pili, kisha anatumia mafuta kulinyoosha.

Magari madogo mengi ya siku hizi ni tofauti, yanavutwa na tairi za mbele. Ukiingia kwenye kona kwa kasi mno, pua inagoma kukata na gari linataka kwenda moja kwa moja mtaroni. Ukishtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi na kitako kinachomoka. Ndiyo maana wanaojua hupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona.

Agosti 1972 mambo yaliharibika. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa zilizopoteza makazi na mali. Shekhar akahamia Kenya, nchi ambayo kwa watu wa Sirari ni kuvuka geti tu.

Haikufika hata miezi sita tangu siku hizo 90 ziishe, Pasaka ya 1973, akawa kwenye mstari wa kuanzia na 240Z yake, akisomewa njia na Lofty Drews. Huo ndio mwaka ambao mashindano ya rali ya dunia yalianza rasmi, na Safari ilikuwa ndani ya kalenda. Mwisho wa mbio, Mehta na Harry Källström wa Sweden walikuwa na dakika za adhabu sawasawa. Mashabiki wa soka wanalijua jambo hili: pointi sawa, bingwa anaamuliwa na kanuni. Kanuni ikampa Mehta. Mtu aliyefukuzwa kwao akawa mshindi wa Safari.

Kisha ukame. Ilimchukua miaka sita kulirudia taji hilo. Mwaka 1979 alirudi na Datsun 160J, gari la kawaida kwa sura, akiwa na msomaji njia Mike Doughty. Mercedes walikuja na 450 SLC zenye injini za silinda nane na ujazo wa lita tano. Kwenye barabara iliyonyooka, Datsun ilikuwa haina ubavu. Lakini Safari ilikuwa kama kilometa 5,000 za tope la masika, mawe, mito na ng'ombe barabarani. Mehta alijua wapi abane na wapi alionee gari huruma. Hannu Mikkola na Mercedes yake wakamaliza wa pili.

Akashinda tena 1980, 1981 na 1982. Mwaka huo wa mwisho aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl, Mjerumani ambaye msimu huohuo alitwaa ubingwa wa dunia. Mataji manne mfululizo! Simba walifanya hivyo kwenye ligi kuanzia 2018 hadi 2021, Yanga nao wakajibu. Tofauti ni kwamba Mehta hakuwa na mechi ya marudiano. Safari ilikuja mara moja kwa mwaka, na jiwe moja lilitosha kuzima kila kitu.

Baadaye alipewa Peugeot 205 Turbo 16, yenye umbo la gari dogo la mtaani lakini injini ikiwa nyuma ya dereva na tairi zote nne zikisukuma. Mwaka 1987 alipata ajali mbaya kwenye rali ya Mafarao nchini Misri, na safari yake ya udereva ikaishia hapo. Hakuukimbia mchezo. Aliingia kwenye uongozi, akafika kuwa rais wa kamisheni ya rali ya FIA.

Alifariki London Aprili 2006 akiwa na miaka 60, akimwacha mkewe Yvonne, ambaye naye aliwahi kukaa kiti cha msomaji njia pembeni yake. Safari imerudi kwenye kalenda ya dunia tangu 2021 na magari yenye kasi kubwa kuliko yake. Rekodi ya mataji matano ya Safari za ubingwa wa dunia bado iko kwa jina lake.