JOGINDER SINGH: FUNDI GEREJI ALIYESHINDA SAFARI RALLY KWA GARI LA MTUMBA

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee ndinga.

Hapa Miyuji ukikaa kijiweni na vijana ubishi huwa ni ule ule: injini gani kali? Huyu anasema 1JZ, yule 2JZ, wa tatu anakuja na Subaru, wa nne anaapa kwa Mitsubishi Evo na hataki kusikia kingine. Poa, kila mtu na chake. Ila wengi wanaoliimba jina la Lancer hawajui kwamba gari hilo lilianza kuheshimika duniani kwenye tope la Kenya mwaka 1974, na aliyelishika usukani alikuwa fundi wa gereji mwenye kilemba, mzaliwa wa Kericho. Jina lake Joginder Singh. Alifariki mwaka 2013, na ukiwauliza vijana wa leo ni nani, wengi watakuambia ni muigizaji wa sinema za Kihindi.

Joginder alizaliwa tarehe 9 Februari 1932, huko Kericho kwenye mashamba ya chai, magharibi ya Kenya. Familia yake ilikuwa ya Wapunjabi wa dini ya Sikh, wale ambao wazee wetu wamezoea kuwaita Masingasinga. Baba yake alikuwa na gereji, na mtoto akakulia humo humo kwenye grisi. Elimu iliyomtengeneza haikuwa ya chuo cha udereva wala shule ya mbio. Ilikuwa ya kufungua injini, kuiangalia imekufa kwa sababu gani, na kuifunga tena itembee. Baadaye akaajiriwa na chama cha magari cha Afrika Mashariki cha wakati wa mkoloni, kazi ya doria barabarani: gari la mwanachama likizimika porini, yeye ndiye anaenda kuliamsha. Fikiria mtu huyo alikuwa ameona magari mangapi yamekufa, na yamekufa kwa ugonjwa gani, kabla hajaanza kushindana mwenyewe.

Sasa kwa wasiojua Safari Rally yenyewe. Ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Ilikuwa karibu kilomita 5,000, usiku na mchana, kwenye barabara za wananchi zisizofungwa, mara nyingi wakati wa Pasaka ambapo masika yamekolea. Unakutana na ng'ombe, lori limelala katikati ya njia, mto umefurika. Hapa kwetu kipande kilichoogopwa sana kilikuwa Mbulu, huko juu kwenye kingo za Bonde la Ufa, mkoa ambao leo ni Manyara. Ukitokea mjini Dodoma, hii barabara ya kwenda Kondoa na Babati, ile ile Great North Road ya zamani, ndiyo inakusogeza upande huo. Siku hizi ni lami. Enzi hizo mvua ikinyesha, udongo ule unakuwa kama sabuni.

Ukitaka kujua ilikuwa si mchezo, chukua mwaka 1963: yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakafika saba tena. Mashindano ya aina hiyo huulizi nani ana mbio. Unauliza nani atafika.

Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Akashiriki kila mwaka mpaka 1980, jumla mara 22, na kati ya hizo alifika mwisho mara 19. Wadau, hiyo namba isomeni tena. Kwangu mimi hiyo 19 ni kubwa kuliko hata makombe yake. Madereva wakubwa wa Ulaya walikuja na timu za viwanda, ndege ya kuwafuatilia juu na mafundi kila kona, wakarudi kwao bila hata kuiona ngazi ya kumalizia.

Tuje kwenye mwaka 1965. Mwaka mmoja kabla, kampuni ya Volvo kutoka Sweden ilikuja na timu yake na magari ya PV544, yale yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Mambo hayakuwaendea vizuri. Gari mojawapo likabaki huku, limeshachakaa kwa safari, na Joginder akalinunua. Mtumba kabisa, tena wa aina ambayo kiwanda kilikuwa kinakaribia kuacha kuitengeneza, maana PV544 ya mwisho ilitoka kiwandani Oktoba mwaka huo huo. Kwa macho ya kawaida ni mtu aliyenunua chuma chakavu.

Ila fundi haangalii rangi, anaangalia kilichomo ndani. PV544 ilikuwa na injini inayoitwa B18: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,778, bloku ya chuma cha kalibu, na krankshafti iliyokalia beringi tano. Hapo kwenye beringi tano simama kidogo. Magari mengi ya ukubwa huo wakati ule yalikuwa na beringi tatu. Krankshafti ikiwa na beringi tatu halafu ukaikamua siku nne mfululizo, inaanza kucheza, inakula metali, mwisho injini inanoki na safari imeishia hapo. Ya beringi tano inakaa imetulia. Nguvu zake hazikuwa za kutisha, takriban farasi 90 tu. Pikipiki kubwa za leo zinaicheka. Lakini ilikuwa injini ya kufa uzeeni.

Halafu kuna kabureta. Ilikuwa na mbili za aina ya SU, zile ambazo ndani zina pistoni inayopanda na kushuka na sindano moja ya kupima mafuta. Kwa nini hilo lina maana? Kwa sababu Safari ilikuwa inakutoa usawa wa bahari Mombasa inakupandisha hadi nyanda za zaidi ya mita 2,000. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kila ukipanda mita 1,000, na kabureta iliyosetiwa pwani ikifika mlimani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: gari linatoa moshi mweusi na kukohoa. Hata hapa Dodoma tupo juu ya mita 1,000, na wanaofungua kabureta za pikipiki wanaujua huo mchezo. SU haimalizi tatizo lote, ila haina vikorokoro vingi ndani, na fundi anaweza kuirekebisha porini kwa bisibisi na masikio yake.

Basi Joginder na mdogo wake Jaswant, ambaye ndiye alikuwa msoma ramani, wakapangiwa namba moja kuondoka. Wengine wanaona ni bahati kwa sababu huli vumbi la mtu. Lakini wakati wa mvua wewe ndiye unayekuwa wa kwanza kugundua daraja limeenda na maji. Wakaondoka wa kwanza, wakarudi wa kwanza, wakawaacha wenzao kwa dakika 100. Si sekunde. Dakika. Yaani mshindi anaweza kula, kuoga na kuanza kusinzia kabla wa pili hajatokea.

Na hapa pana jambo ambalo magazeti ya michezo hulipita haraka. Tangu 1953 hakuna dereva asiye Mzungu aliyewahi kushinda Safari. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963, miezi kumi na kitu tu kabla. Katika mpangilio wa mkoloni kila mtu alikuwa na ngazi yake: Mzungu anaendesha na kupewa kombe, Mhindi anatengeneza gari, Mwafrika analisukuma likinasa. Joginder alitoka kwenye ngazi ya fundi akaja juu, na hakupewa na mtu. Sisemi kwamba kesho yake kila kitu kilikuwa sawa, maana madereva weusi walikuja kusubiri miaka mingi kupata magari ya maana. Lakini mlango ulishapigwa teke. Kuanzia hapo wakaanza kumwita Flying Sikh, yaani Singasinga anayepaa, na jina likamganda mpaka kaburini.

Miaka iliyofuata hakushinda, lakini alikuwa yupo pale pale juu. Mwaka 1968, kwenye ile balaa ya magari saba, yeye alikuwa mmoja wa waliofika, akiwa na Datsun Cedric. Mwaka 1969 alikuwa wa pili na Volvo. Mwaka 1970 wa pili tena, safari hii na Datsun 1600 SSS, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo hilo.

Halafu ikaja 1974. Wakubwa wa Safari kipindi kile walikuwa Datsun, Ford na Peugeot, na Porsche nao walikuwa wanaitafuta kwa udi na uvumba. Mitsubishi ilikuwa kampuni ambayo wengi huku hawakuipa uzito. Joginder akaja na Lancer 1600 GSR, kagari kadogo, kepesi, injini 4G32 ya silinda nne, ujazo 1,597, kamshafti moja juu, kabureta mbili. Ikiwa ya dukani inatoa farasi takriban 110. Ya mashindano ilikuwa imeongezwa. Namba aliyopewa ni 46. Yaani yule aliyeondoka wa kwanza mwaka 1965, sasa anaondoka akiwa na magari zaidi ya arobaini mbele yake, na kila moja limeshachimba tope na kumwachia mashimo. Msoma ramani wake alikuwa David Doig.

Wakashinda. Wa pili alikuwa Björn Waldegård, Mswidi ambaye baadaye, mwaka 1979, ndiye alikuwa dereva wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa rally. Yeye alikuwa na Porsche 911, silinda sita zimelala, inapozwa kwa hewa, mashine haswa. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi kwenye mashindano ya dunia ya rally. Kwa hiyo mshkaji wangu wa Evo, ukibandika stika ya Lancer kwenye kioo, ujue hadithi inaanzia hapo. Ila tusidanganyane: injini ya Evo ni 4G63, ukoo mwingine kabisa. Kilichorithiwa ni jina na heshima.

Mwaka 1976 ndio ulioniacha hoi mimi nilipoanza kufuatilia habari hizi. Waitaliano wa Lancia walikuja na Stratos. Kama hujawahi kuiona, tafuta picha yake. Kagari kama kabari, injini imekaa katikati nyuma ya dereva, V6 ya Ferrari Dino ya lita 2.4, farasi 190 hata ikiwa ya barabarani. Mwaka uliotangulia Stratos zilikuwa zimeshika nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Peugeot 504, kwa hiyo watu wakasema sasa ni zamu yao. Joginder yupo na Lancer ile ile ya lita 1.6. Stratos za Sandro Munari na Waldegård zikaishia njiani. Lancer zikafika namba moja, mbili na tatu: Joginder, Robin Ulyate na Andrew Cowan. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Mimi nikiangalia magari yake naona kitu kimoja kinajirudia. Hakushinda hata mara moja na gari lenye nguvu kuliko yote. B18 si injini ya kishindo, 4G32 vile vile. Ni injini rahisi, nafasi ya kuingiza mkono na spana ipo, hazichemshi ovyo, na ukisikia mlio umebadilika unajua ni nini. V6 ya Ferrari ikigoma saa nane usiku kwenye tope, unamsubiri Muitaliano. Hiyo ndiyo tofauti kati ya injini unayoichagua kwa kusoma karatasi na injini unayoichagua kwa sababu umewahi kuifungua.

Kuna watakaoniuliza, mbona Shekhar Mehta humtaji? Namtaja. Huyu alizaliwa Uganda, alishinda Safari mara tano, 1973 na kisha mfululizo 1979 hadi 1982, zote na Datsun, kwa hiyo rekodi ya Joginder aliivunja vizuri tu. Alifariki mwaka 2006. Lakini Mehta alitoka familia ya matajiri wakubwa, na sehemu kubwa ya makombe yake aliyapata akiwa na timu ya kiwanda. Namheshimu. Ila kwangu fundi wa Kericho anabaki wa kwanza, na mwenye ubishi aje na hoja.

Joginder alistaafu Safari baada ya ile ya 1980. Yale mashindano nayo yalishabadilika: kuanzia katikati ya miaka ya 1970 yalibaki Kenya tu, na sisi huku tukabakiwa na simulizi za wazee. Safari ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha, fupi, barabara zimefungwa, magari yana mitambo ya kompyuta. Magari ya zamani nayo yamepata mashindano yao, Safari Classic, yaliyoanza 2003, na humo bado utaona Datsun na Porsche za enzi zile zikila vumbi.

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Sasa ombi langu kwa wadau wa Mbulu, Babati, Kondoa na hata Dodoma mjini: kama una babu au mzee jirani aliyesimama kando ya barabara miaka ile ya sitini akayaona magari ya Safari yakipita, muulize aliona gari gani na lilikuwa na namba ngapi ubavuni, halafu tuandikie hapo chini. Hao wazee wanapungua kila mwaka.