Maisha ya Abdulrahman Mohamed Babu (1924–1996)

Utangulizi

Katika Kigogo umesoma kuhusu watawala wanaowaogopa watu wenye fikra. Umemwona Sudi akikataa kuchonga kinyago cha shujaa na Ashua akitiwa ndani. Sehemu hii inaeleza maisha ya mtu halisi wa Afrika Mashariki aliyeonja pande zote mbili za mamlaka: kiti cha waziri na sakafu ya gereza. Isome kwa makini, kwani itakusaidia kujadili maudhui ya uongozi kwa kina.

Maisha ya Awali

Abdulrahman Mohamed Babu alizaliwa Unguja tarehe 22 Septemba 1924. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na Sultani, lakini waliotawala hasa ni Waingereza. Mwanafunzi wa Likoni, Kisauni au Changamwe asidhani kuwa mambo haya yalikuwa ya mbali. Ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani huyo hadi mwaka wa 1963.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Babu alitumikia jeshi la Waingereza. Baadaye aliajiriwa kuwa karani katika shirika la wakulima wa karafuu. Zao hilo ndilo lililobeba uchumi wa visiwa vile, ilhali bei yake iliamuliwa na wanunuzi wa ng'ambo. Jambo hili likumbuke, kwani litajitokeza tena katika maandishi yake.

Mwaka wa 1951 alisafiri hadi London kusoma. Huko alijiunga na wapinga ukoloni na kuzama katika mawazo ya Karl Marx. Alianza kuamini kuwa chanzo cha dhuluma ni jinsi mali inavyomilikiwa, na kwamba kuugawa umma kwa misingi ya rangi ni kuficha chanzo hicho.

Kuingia katika Siasa

Babu alirejea Zanzibar mwaka wa 1957, akawa Katibu Mkuu wa chama cha ZNP, maarufu kama Hizbu. Alikuwa hodari wa kupanga vijana na wafanyakazi, na pia alikuwa mwanahabari. Mwaka wa 1962 Waingereza walimfunga kwa kosa la uchochezi.

Alipotoka mwaka wa 1963, alitofautiana na viongozi wenzake kuhusu mwelekeo wa chama. Alijiuzulu, akaanzisha Umma Party. Zingatia wakati alioondoka: Hizbu na washirika wake walikuwa karibu kuongoza serikali ya nchi huru. Angevumilia kidogo, angekula matunda ya uhuru pamoja nao.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Wiki chache baadaye serikali mpya ilikipiga marufuku chama chake, naye akavuka bahari hadi Dar es Salaam. Alikuwa huko Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964.

Uwaziri

Babu alirudi na kuteuliwa kusimamia mambo ya nje katika serikali ya Rais Abeid Amani Karume. Umma Party iliingia ndani ya ASP, na Zanzibar ikabaki na chama kimoja. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Babu, ambaye makubaliano hayo yalifikiwa akiwa safarini nje ya nchi, alihamishiwa serikali ya Muungano. Alishika wizara kadhaa, zikiwemo za biashara na mipango ya uchumi.

Alikuwa miongoni mwa waliojenga uhusiano wa Tanzania na China, nchi iliyokuja kufadhili reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Zambia. Desemba 1964 alihutubia mkutano jijini New York akiwa mgeni wa Malcolm X.

Gerezani

Februari 1972 Rais Julius Nyerere alimwondoa katika baraza la mawaziri. Tarehe 7 Aprili mwaka huohuo Karume aliuawa. Babu alikamatwa na kuzuiliwa Tanzania Bara. Kesi ya uhaini ilipoendeshwa Zanzibar, alihukumiwa kifo bila yeye kuwepo mahakamani.

Nyerere alikataa kumpeleka Zanzibar. Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, rejelea mwaka wa 1969: Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff walikabidhiwa Zanzibar, wakauawa. Kukataa huko kuliokoa maisha ya Babu, lakini hakukumpa uhuru. Alikaa gerezani miaka sita, hadi Aprili 1978.

Maisha ya Ughaibuni

Baada ya kuachiliwa, Babu alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, kisha akahamia London. Mwaka wa 1981 kilitoka kitabu chake African Socialism or Socialist Africa?, alichokiandika akiwa kifungoni. Hoja yake kuu ni kwamba nchi inayolima kwa ajili ya soko la nje tu haiwezi kujitawala kikamilifu. Ianze kuzalisha kinachohitajiwa na watu wake. Yule karani wa karafuu alikuwa bado anauliza swali lilelile.

Katika miaka ya tisini aliunga mkono siasa za vyama vingi Tanzania. Alifariki London tarehe 5 Agosti 1996, akazikwa Zanzibar.

Tathmini

Watahiniwa wengi huandika wasifu kama orodha ya sifa. Hilo halitoshi. Ni kweli kuwa Babu alikuwa jasiri, msomi na mwenye msimamo. Hata hivyo, alikuwa waziri katika serikali iliyoingia madarakani kwa mapinduzi yaliyoangamiza maelfu ya watu. Serikali hiyo ilifuta upinzani na kuwafunga watu bila kuwashtaki. Mwaka wa 1964 chombo hicho kilikuwa mikononi mwake na wenzake; mwaka wa 1972 kilimgeukia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hata hivyo, tusimalizie hapo. Gereza huwatoa wengine wakiwa na kinyongo tu. Babu alitoka na kitabu, na katika uzee wake alitetea haki ya wananchi kuchagua vyama vingi. Mtu hupimwa kwa alichojifunza pia.

Maswali ya Marudio

1. Fafanua sababu mbili zilizomfanya Babu agongane na watawala wa nyakati mbalimbali. (alama 4)
2. Eleza uhusiano kati ya kazi ya Babu katika shirika la karafuu na hoja ya kitabu chake. (alama 4)
3. Kwa kurejelea Babu na mhusika mmoja katika Kigogo, thibitisha kuwa mamlaka yasiyo na mipaka humdhuru hata aliyeyasaidia. (alama 12)