Steve McQueen na Paa la Kijivu

Wazee waliokuwa vijana enzi za sinema wanamfahamu Steve McQueen bila kuelezwa: yule Mmarekani aliyekimbiza pikipiki mbele ya Wajerumani katika The Great Escape ya mwaka 1963. Kizazi chetu ndicho kinahitaji kusimuliwa, na mimi namsimulia kwa sababu ya ugonjwa uliomuua.

Alizaliwa Indiana tarehe 24 Machi 1930. Baba aliitelekeza familia mapema, mtoto akalelewa na ndugu wa mama huko Missouri, kisha utukutu ukampeleka kwenye shule ya kurekebisha vijana California. Mwaka 1947 akaingia jeshini, na huko nako hakutulia. Alitoroka, akakamatwa, akafungwa siku 41. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba katika kutumikia adhabu aliwahi kupangiwa kubandua asbesto iliyozungushiwa mabomba ndani ya meli.

Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba yasiyoshika moto, ndiyo maana meli za wakati ule zilijaa. Nyuzi zikipeperuka huzioni. Ukizivuta zinakwama kwenye mapafu, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha.

Alitoka jeshini mwaka 1950 akawa mwigizaji, na kufikia The Towering Inferno ya 1974 alikuwa miongoni mwa waliolipwa fedha nyingi kuliko wote. Alipenda pia mashindano ya magari, na madereva wa enzi hizo walivaa nguo za asbesto kujikinga na moto. Desemba 1979 madaktari wakamkuta na mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Sigara alivuta sana, ni kweli, lakini saratani hii haitokani na sigara. Chanzo chake kikuu ni asbesto, na hujificha miaka 20 hata 50. Kwao wakamwambia haitibiki. Akavuka kwenda Mexico kutafuta tiba mbadala (hapo nani asiyemwelewa? Nasi wagonjwa wetu waliokatiwa tamaa hospitali tunawapeleka kwa waganga). Tarehe 7 Novemba 1980, saa chache baada ya kupasuliwa huko Ciudad Juárez, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 50.

Kinachonikaa rohoni ni ile adhabu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja chini ya Milima ya Uluguru ilikuwa na bweni lililoezekwa kwa yale mabati ya kijivu ya saruji na asbesto. Upepo wa mlimani ukavunja mawili. Waliochelewa mstarini wakaadhibiwa kuokota vipande kwa mikono mitupu na kufagia vumbi. Vipande vingine viliishia jikoni kukinga upepo kwenye mafiga! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, watu wameshalizoea tu.

Bati zima, lisilochakaa, halina hatari kubwa. Shida huanza likivunjwa, likikatwa, likitobolewa au vumbi lake likifagiliwa kavu. Linatakiwa lilowanishwe kwanza, vipande vifungwe kwenye nailoni nzito, na wanaoliondoa wawe wataalamu wenye barakoa maalumu, siyo zile za korona. Mkuu wa shule anaweza kuuliza NEMC au OSHA.

Wenzangu wa Ualimu mtakaopangiwa shule kongwe za huku, kuanzia mjini hadi Matombo na Mgeta, tazameni juu kabla hamjagawa adhabu ya usafi. Na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, waulizeni utawala hosteli za zamani zimeezekwa kwa kitu gani.