Michael Grzimek, kijana aliyehesabu nyumbu kutoka angani

Sisi tunaoishi Laare, ambako ndovu wa Mbuga ya Meru hupanda kuelekea msitu wa Ngaya na kuingia mashambani pasipo kubisha hodi, tumezoea kuambiwa kwamba wanyama wamehesabiwa kwa ndege. Lakini ni wachache wanaomjua kijana aliyeitangaza kazi hiyo ulimwenguni.

Michael Grzimek alizaliwa Ujerumani mwaka 1934. Baba yake, Dakta Bernhard Grzimek, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mwaka 1956 baba na mwana walitoa filamu juu ya wanyama wa Kongo, ikawaletea fedha nyingi, nao wakataka kununua ardhi ya kupanua Serengeti. Wakubwa wa mbuga za Tanganyika wakawashauri vingine: mipaka ilikuwa karibu kubadilishwa na hakuna aliyejua vyema makundi yale huenda wapi. Basi wakajifunza urubani, wakanunua ndege ya Dornier, wakaipaka milia. Nimeiona pichani, ni punda milia hasa, ila ana mabawa.

Waliondoka Frankfurt Desemba 1957. Huko Serengeti waliruka chini chini, wakienda na kurudi kwa mistari, macho yametolewa madirishani. Jumla waliyoitoa ni wanyama 366,980, na kati yao nyumbu 99,481. Hiyo moja ya mwisho hunichekesha kila nikiisoma! Lakini jambo kubwa zaidi waliloliona ni kwamba mvua ikinyesha, makundi yalitoka nje ya mpaka uliokusudiwa. Hata hivyo mpaka ulibadilishwa mwaka 1959, na Wamaasai wakahamishwa Serengeti, wakapewa Ngorongoro.

Hapa ndipo nisipokubaliana na marehemu. Yeye na baba yake waliamini kwamba ng'ombe na wanyama wa porini hawawezi kukaa mbuga moja. Kumbe kilichowapunguza nyumbu kilikuwa sotoka, na ugonjwa hauonekani kutoka dirisha la ndege. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, sotoka ilikoma kwa nyumbu katika miaka ya 1960, nao wakaongezeka hata kupita milioni moja kabla ya mwaka 1980. Ng'ombe wale wale waliofukuzwa!

Hesabu yenyewe haijaisha ubishi. Mwaka 1961 wengine walihesabu kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni, wakapata nyumbu zaidi ya 200,000. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na sasa ziko zinazoweza kumwonyesha nyumbu mmoja mmoja kama nukta. Mwaka 2025 watafiti waliozisoma picha hizo kwa kompyuta walitoa hesabu isiyofika 600,000, ilhali kwa miaka mingi hesabu za ndege zilikuwa zikitaja milioni moja na ziada.

Michael hakuyaona hayo. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akiruka peke yake, tumbusi akagonga bawa la ndege, nayo ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliimaliza filamu yao ya Serengeti, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Naye alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa kutoka Ujerumani, yakazikwa kando ya mwanawe.