Alfred Hobbs, fundi aliyeumbua vitasa vya Uingereza

KWA zaidi ya miaka 60, kitasa kimoja kilikaa dirishani mwa duka la kampuni ya Bramah katika barabara ya Piccadilly jijini London, kikimsubiri wa kukishinda. Tangazo lililoandamana nacho liliahidi gini 200, yaani pauni 210, kwa yeyote ambaye angebuni chombo cha kukifungua. Mnamo 1851, Mmarekani mmoja aliitwaa zawadi hiyo na kuwaacha Waingereza wengi wakihofia usalama wa mali yao.

Mtu huyo ni Alfred Charles Hobbs, aliyezaliwa mjini Boston, Marekani, mnamo Oktoba 7, 1812. Hobbs hakuanzia maisha katika ufundi wa vitasa. Alifanya vibarua mbalimbali kabla ya kujifunza kazi ya kukata vioo, na ni vishikio vya milango vya kioo vilivyomfikisha kwenye vitasa vyenyewe.

Baadaye aliajiriwa na kampuni ya Day & Newell ya New York, iliyounda vitasa vya benki. Mbinu yake ya kutafuta wateja ilikuwa ya kipekee. Aliwafungulia wakuu wa benki vitasa walivyovitumainia, bila ufunguo, kisha akawaonyesha kile alichokuja kuuza.

Mwaka 1851 alisafiri hadi London kwa Maonyesho Makuu yaliyoandaliwa katika bustani ya Hyde Park. Huko alitangaza kwamba angeweza kufungua kitasa cha Chubb, kilichosifika kote nchini humo.

Sifa hizo hazikutoka hewani. Baada ya wizi uliofanywa kwa funguo bandia katika bandari ya Portsmouth mnamo 1817, serikali iliahidi pauni 100 kwa fundi ambaye angeunda kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Jeremiah Chubb alishinda mwaka uliofuata. Mfungwa mmoja aliyekuwa fundi wa vitasa aliahidiwa msamaha na fedha iwapo angekifungua kitasa hicho. Alihangaika nacho kwa miezi kadhaa, akasalimu amri.

Ndani ya kitasa cha aina hiyo mna vibati vyembamba vya chuma viitwavyo leva, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kusukumwa na springi. Kila leva sharti iinuliwe kwa kimo chake hasa ndipo ulimi wa kitasa uteleze. Chubb aliongeza mtego: leva ikiinuliwa kupita kiasi hunaswa, na mwenye kitasa anapotia ufunguo wake hutambua kuwa kuna aliyejaribu kukifungua.

Mnamo Julai 22, 1851, Hobbs alisimama mbele ya mashahidi katika nyumba moja barabara ya Great George, Westminster. Aliukaza ulimi wa kitasa kwa chombo kimoja kana kwamba anaufungua, huku akipapasa leva kwa kingine. Kwa kuwa hakuna vyuma viwili vinavyolingana barabara, daima huwapo leva inayobana kuliko wenzake. Aliiinua hiyo hadi ikatulia mahali pake, akaitafuta iliyofuata. Mtego uliowekwa kumfichua mwizi ukageuka kuwa wa kumwelekeza, kwani ulimjulisha alipopita kiasi.

Kitasa kilifunguka kwa muda wa dakika 25 hivi. Akakifunga tena kwa dakika zipatazo saba, pasipo kukiharibu.

Kisha akakikabili kile cha Bramah. Kazi hiyo ilimchukua takriban saa 51, zilizotawanyika katika siku 16. Kampuni hiyo ililalamikia utaratibu alioutumia, lakini waamuzi waliamua kwamba alistahili kulipwa.

Ushindi huo ulizua mjadala mkali. Wapo waliomlaumu Hobbs kwa kuwafunza wezi. Yeye alishikilia kuwa wezi ni mabingwa wa kazi yao na walikwisha kuzijua siri hizo kitambo, na kwamba aliyebaki gizani ni raia mwema aliyenunua kitasa kwa kuamini jina la kampuni. Hoja hiyo ilifafanuliwa katika kitabu kuhusu vitasa kilichohaririwa na Charles Tomlinson na kuchapishwa mnamo 1853 kutokana na maarifa ya Hobbs.

Lakini mwosha naye huoshwa. Hobbs alianzisha kiwanda chake mwenyewe jijini London, na mnamo 1854 kitasa chake kimoja kikafunguliwa na fundi wa Chubb. Hata kile alichokileta kutoka New York hakikusalimika, kwani Mmarekani mwenzake, Linus Yale mdogo, alionyesha njia ya kukifungua. Hivyo kila upande ulilazimika kurudi karakanani kuziba nyufa zake.

Hobbs alirejea Marekani mwaka 1860 na kufanya kazi katika viwanda vya cherehani na vya risasi. Alifariki mjini Bridgeport, Connecticut, mnamo Novemba 6, 1891.

Mbinu yake ingali hai. Katika nchi mbalimbali wapo watu wanaojifunza kufungua vitasa vya leva kama burudani ya saa za mapumziko, wakiongozwa na kanuni mbili: usiguse kitasa kisicho chako, wala kile kinachotumika mlangoni. Nao wataalamu wa usalama wa kompyuta wangali wanabishana kuhusu suala lilelile lililomkabili Hobbs: je, ni nani anayenufaika udhaifu unapofichwa, mwenye mali au mwizi?